Beki aliyeshindwa kufunga mlango: Gary Neville na miezi yake minne Valencia

Mechi 16 za ligi ya Hispania. Kashinda tatu, katoka sare tano, kapoteza nane. Matokeo hayo yanatosha kumfukuzisha kocha yeyote, na yalimfukuzisha. Ila kuna takwimu moja iliyojificha chini yake ambayo ndiyo hunirudisha kwenye kisa hiki kila nikisikia mtu akisema "mpeni timu yule mchambuzi, anajua mpira". Katika mechi zote hizo 16, Valencia hawakutoka uwanjani hata mara moja bila nyavu zao kutikiswa.

Na aliyekuwa akiwafundisha alikuwa beki. Tena si beki wa kuokoteza. Gary Neville alicheza mechi 602 Manchester United, klabu pekee aliyowahi kuichezea, kuanzia 1992 hadi alipotundika daluga Februari 2011. Mataji manane ya Ligi Kuu ya Uingereza, mechi 85 za timu ya taifa, kitambaa cha unahodha baada ya Roy Keane kuondoka mwaka 2005. Hakuwa na kasi ya kutisha wala chenga. Alichokuwa nacho ni kujua asimame wapi, na kuwapigia kelele wenzake nao wajue wasimame wapi.

Alipostaafu akageukia runinga, na huko akawa mkubwa kuliko alivyokuwa uwanjani. Kila Jumatatu usiku, mbele ya skrini pana ya Sky, alisimamisha picha, akachora mstari, akamzungushia duara beki aliyegeuza mwili upande usiofaa sekunde mbili kabla ya bao. Tangu 2013 alikuwa na Jamie Carragher pembeni yake, mtu wa Liverpool, mtani wake wa miaka yote, na wawili hao walibadili namna Waingereza wanavyozungumzia mpira. Sisi tuliolelewa na vipindi vya michezo vya redio, asubuhi hadi usiku mtu anachambua, tunaijua tofauti ya mchambuzi anayepiga domo na yule anayekuonyesha kitu ambacho macho yako yaliona na akili ikakipita. Neville alikuwa wa aina ya pili. Ndiyo maana kisa hiki kina uzito. Angekuwa mropokaji, kushindwa kwake kusingetufundisha chochote.

Sasa aliipataje kazi? Hapa pana undugu na biashara, vyote kwa pamoja.

Mwaka 2014 Neville, mdogo wake Phil, na wenzao wa kizazi cha 1992 cha United, Ryan Giggs, Paul Scholes na Nicky Butt, waliinunua Salford City, klabu ndogo ya madaraja ya chini jirani na Manchester. Mwaka huohuo tajiri wa Singapore, Peter Lim, akachukua nusu ya hisa. Lim huyohuyo akainunua Valencia, klabu iliyokuwa imezama kwenye madeni, yenye uwanja mpya ambao ujenzi wake ulisimama tangu 2009 ukabaki mifupa ya zege. Julai 2015 Phil Neville akaenda Valencia kuwa msaidizi wa kocha Nuno Espírito Santo. Novemba 29 timu ikafungwa 1-0 na Sevilla, Nuno akaondoka. Desemba 2 likatangazwa jina la Gary, mkataba hadi mwisho wa msimu.

Nuno alikuwa amewapa nafasi ya nne na pointi 77 msimu uliotangulia. Mashabiki hawakumpenda hata hivyo, kwa sababu zinazomhusu zaidi tajiri na marafiki zake kuliko kocha mwenyewe. Kwa hiyo mtu wa pili kuletwa kwa njia ya urafiki hakuwa anaingia nyumba tulivu. Mgeni kuku mweupe, wahenga walisema, na pale Mestalla, uwanja wa Valencia, hakukuwa na kuku mweupe kuliko Mwingereza asiyejua Kihispania, ambaye hajawahi kufundisha klabu yoyote, na ambaye ni mshirika wa biashara wa mwenye timu.

Siku ya kutambulishwa alikiri kwamba kama angeikataa, angepoteza heshima ya kuendelea kukosoa makocha wengine kwenye runinga. Namwelewa. Nadhani hata mimi ningekubali. Lakini tazama sababu yenyewe: inahusu nafsi yake na kiti chake cha Sky, haihusu Valencia. Mtu anaweza kuwa mkweli kabisa na bado awe anakwenda mahali kwa sababu isiyo ya mahali pale.

Jumamosi ya Desemba 5 alikaa jukwaani kutazama. Timu ilikuwa mikononi mwa Phil na Voro, yule mzawa wa Valencia ambaye kila kocha akitimuliwa huitwa kushikilia mtoto mpaka mama mpya aje. Walitoka sare ya 1-1 na Barcelona, Santi Mina akisawazisha dakika za mwisho. Uwanja uliruka. Ukiniuliza, hiyo ndiyo ilikuwa bahati mbaya ya kwanza ya Gary: kufika siku ambayo timu ilionekana haina ugonjwa.

Siku nne baadaye, mechi yake ya kwanza: Lyon, nyumbani, Ligi ya Mabingwa. Walifungwa 2-0, wakatupwa Ligi ya Europa. Kisha ligi. Eibar ugenini, 1-1. Getafe, 2-2. Villarreal, kipigo cha 1-0 siku ya mwisho wa mwaka. Januari 3 ikaja Real Madrid, na hapa pana kichekesho ambacho mpira hukipenda. Kocha wa Madrid alikuwa Rafael Benítez, mtu aliyeipa Valencia ubingwa wa ligi mwaka 2002 na 2004. Gareth Bale aliifungia Madrid la pili dakika ya 82. Dakika moja baadaye Paco Alcácer akasawazisha, 2-2, na Neville akapagawa kwa furaha kando ya uwanja. Kesho yake aliyefukuzwa ni Benítez. Zinédine Zidane akaingia, na mengine ni historia ya Madrid. Neville akabaki na pointi moja aliyodhani ni mwanzo wa kitu.

Haikuwa. Real Sociedad wakawachapa 2-0. Rayo Vallecano, sare. Deportivo, sare. Sporting Gijón, waliokuwa wakipigania kutoshuka daraja, wakaja Mestalla na kuondoka na ushindi wa 1-0. Betis, 1-0 nyingine. Mechi tisa za ligi bila ushindi.

Katika Kombe la Mfalme mambo yalikuwa tofauti kabisa, na watu huisahau sehemu hii. Waliwatoa Barakaldo, wakawapiga Granada 4-0 na 3-0, wakawavuka Las Palmas, wakafika nusu fainali. Kwenye Europa waliifunga Rapid Wien 6-0, mabao matano kati ya hayo kabla ya mapumziko, kisha 4-0 kule Vienna. Timu ile haikuwa imegoma. Ilipokutana na mpinzani aliyeacha nafasi, ilikimbia na kufunga. Ilipotakiwa kushikilia bao moja kwa dakika ishirini, ilipasuka.

Na Februari 3, Camp Nou, nyumbani kwa Barcelona. Nusu fainali, mechi ya kwanza. Luis Suárez alifunga mawili ndani ya dakika 12, Lionel Messi akaongeza la tatu kabla ya nusu saa. Shkodran Mustafi akapewa nyekundu kabla ya mapumziko, penalti ikapigwa na Neymar akaikosa, la sivyo ingekuwa nne wakienda kunywa maji. Ikaisha 7-0: Suárez manne, Messi matatu. Kwetu, Simba na Yanga wakipigana matano tunaita mkono. Usiku ule vidole vya mkono mmoja havikutosha.

Ukitazama tena mabao yale, na mimi nimeyatazama mara nyingi kuliko inavyomstahili mtu mwenye kazi, unaona vitu vilevile alivyokuwa akivichora Jumatatu usiku. Beki wa kati anatoka kumfuata mtu, mwenzake hasogei kuziba pengo. Kiungo amegeuza mgongo. Mstari wa watu wanne umevunjika, wawili juu, wawili chini. Bila shaka aliyaona. Huenda aliyaona kabla ya mtu yeyote uwanjani. Swali ni kwa nini kuyaona hakukusaidia.

Jibu la kwanza ni hesabu tu, na linanishangaza kuwa halisemwi. Kutoka Desemba 9 hadi Machi 20 ni siku 102. Valencia walicheza mechi 28 katika siku hizo. Ni mechi moja kila baada ya siku tatu na nusu hivi. Toa siku ya kusafiri, toa siku ya wachezaji kupumzisha misuli, toa mazoezi mepesi ya siku moja kabla ya mechi. Kinachobaki kwa kufundisha ni saa chache. Safu ya ulinzi haijengwi kwa hotuba. Inajengwa kwa watu wanne kurudia hatua moja mpaka miguu iifanye bila kuuliza kichwa: mpira ukienda kulia sote tunasogea kulia, mpira ukirudi nyuma sote tunapanda. Neville alijifunza hayo United tangu akiwa mtoto, miaka na miaka, chini ya kocha mmoja, pembeni ya watu walewale. Hakuwahi kulazimika kuyajenga upya kwa wageni ndani ya wiki mbili. Na mara nyingi kitu ulichokipata kwa mazoea ndicho kigumu zaidi kumpa mwingine. Mpishi wa miaka thelathini ukimuuliza kipimo cha chumvi anakuonyesha vidole.

La pili ni lugha. Alianza kujifunza Kihispania, akafanya bidii, hakuna anayemlaumu kwa uvivu. Lakini ulinzi huendeshwa kwa mdomo. "Panda!" "Mwache!" "Nyuma yako!" Neno moja, papo hapo. Likipitia kwa mkalimani linafika mpira ukiwa wavuni. Hata chumbani, wakati wa mapumziko, kocha ana dakika kumi za maana. Ukizigawa nusu kwa tafsiri, una tano. Na ukali ukitafsiriwa unapoa, utani ukitafsiriwa unakufa. Neville, ambaye silaha yake kubwa kuanzia uwanjani hadi runingani ilikuwa ulimi, alipelekwa vitani bila ulimi.

Kuna Waingereza waliofanikiwa Hispania. Terry Venables alikwenda Barcelona mwaka 1984 na kutwaa ubingwa msimu wa kwanza. Bobby Robson alifika hapohapo mwaka 1996, akiwa na mkalimani wake aliyekuja kuwa mashuhuri kuliko yeye, José Mourinho. Lakini Venables alikuwa amekwishafundisha Crystal Palace na Queens Park Rangers. Robson alikuwa amepita Ipswich, timu ya taifa, Uholanzi na Ureno. Walifika na makosa yao ya ujana wakiwa wameshayafanya kwingine, mahali ambapo hayakuangaliwa na dunia nzima. Na Neville alikuwa na onyo karibu zaidi: wiki tatu hivi kabla ya uteuzi wake, Real Sociedad walimtimua David Moyes, Mskoti mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka kumi ya Ligi Kuu.

Kuna wanaosema alikuwa na uzoefu wa England, kwani tangu 2012 alikuwa msaidizi wa Roy Hodgson. Sikubaliani. Timu ya taifa inakupa wachezaji bora wa nchi kwa siku chache, mnaongea lugha moja, kisha mnaachana mpaka mwezi mwingine. Haikufundishi kumwambia mtu Jumatatu kwamba hachezi Jumatano, kisha ukakutana na uso wake Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi.

Hata hivyo sitamtwisha mzigo wote, na hapa ndipo naachana na wengi waliomcheka. Timu aliyoikuta ilikuwa imeshatolewa uti wa mgongo. Nicolás Otamendi, aliyekuwa nguzo ya safu iliyoruhusu mabao 32 tu katika mechi 38 msimu uliopita, aliuzwa Manchester City Agosti 2015. Kipa aliyezoeleka, Diego Alves, alikuwa nje kwa jeraha la goti sehemu kubwa ya msimu. Kulia alikuwapo kijana wa miaka 21 aitwaye João Cancelo, ambaye leo kila mtu anamjua, lakini wakati ule alikuwa anashambulia vizuri na kurudi akikumbuka. Beki wa kulia aliyetukuka wa kizazi kimoja akimfundisha beki wa kulia atakayetukuka wa kizazi kingine, na wote wawili wakifungwa kila wiki. Nikiwa na uwezo wa kuingia mazoezi ya zamani kama nzi ukutani, ningechagua ya hao.

Kisha ni klabu yenyewe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Phil alikuwa amekilalia tangu Julai. Ama kunguni hawakumuuma, ama aliona haya kusema. Tazama waliofuata. Pako Ayestarán, aliyemrithi Gary, alianza msimu wa 2016/17 kwa vipigo vinne mfululizo akatimuliwa. Cesare Prandelli, aliyeifikisha Italia fainali ya Euro 2012, alidumu miezi mitatu akajiuzulu mwenyewe mwishoni mwa Desemba 2016. Marcelino aliwapa nafasi ya nne mara mbili, akawapa Kombe la Mfalme Mei 2019 kwa kuifunga Barcelona 2-1, na Septemba mwaka huohuo akafukuzwa. Ukiwa na mwajiri anayemfukuza mtu aliyemletea kombe, kosa la Neville linabaki kuwa kosa, ila linapungua ukubwa.

Kosa lake hasa, kwa maoni yangu, ni kwamba alichelewa kumtafuta mtu wa kumshika mkono. Ayestarán, Mhispania, mtu wa zamani wa benchi la Benítez aliyekuwapo Valencia enzi za ubingwa, aliletwa kuwa msaidizi Februari, baada ya nyumba kuungua nusu. Laiti angekuwapo tangu Desemba 2. Badala yake, msaidizi wake mkuu alikuwa ndugu yake. Ndugu ni mtu wa kulia naye. Benchini unahitaji mtu wa kukubishia, tena kwa lugha ya mahali.

Februari 13 ukaja ushindi wa kwanza wa ligi, 2-1 dhidi ya Espanyol. Wakafuata Granada, 2-1. Katikati Athletic Bilbao wakawapiga 3-0 nyumbani, kisha ushindi wa 2-1 kule Málaga. Kwa wiki tatu hivi ilionekana labda. Halafu vipigo: Atlético Madrid 3-1, kisha Levante, majirani wa mji mmoja waliokuwa mkiani mwa ligi, 1-0. Machi 17 wakarudiana na Athletic kwenye Europa, wakiwa nyuma 1-0. Walipata mawili. Walihitaji tu kufunga mlango. Aritz Aduriz, ambaye Valencia wenyewe walikuwa wamemuuza mwaka 2012, akafunga moja, jumla ikawa 2-2, na bao la ugenini, ambalo wakati ule lilikuwa na uzito zaidi timu zikilingana, likawatoa.

Siku tatu baadaye Celta Vigo, 2-0, hapo Mestalla. Majukwaa yaliimba aondoke, kwa Kihispania chepesi ambacho hakikuhitaji mkalimani.

Ikaja mapumziko ya timu za taifa, na Neville akarudi kwenye kazi yake ya pili. Machi 26 England waliifunga Ujerumani 3-2 mjini Berlin baada ya kuwa nyuma 2-0. Machi 29 wakafungwa na Uholanzi Wembley. Machi 30 Valencia wakatangaza kuachana naye, timu ikiwa nafasi ya 14, pointi sita juu ya mstari wa kushuka. Jumla yake: mechi 28, kashinda 10, sare saba, kapoteza 11. Miezi mitatu baadaye, kule Nice, England wakatolewa na Iceland kwenye Euro, na kazi hiyo nayo ikaisha.

Alirudi Sky. Hajapokea tena kazi ya ukocha mkuu. Phil ndiye aliyeendelea: timu ya wanawake ya England, kisha Inter Miami, kisha Portland Timbers. Gary akichambua leo, na bado ni hodari, kuna kitu kimebadilika: huwa mwepesi kidogo kutaja yaliyo nje ya picha, muda wa mazoezi, mwenye timu, mchezaji aliyeuzwa. Carragher, ambaye hakuthubutu kufundisha popote, humkumbusha Valencia kila nafasi ikipatikana. Mcheza kwao hutunzwa, na studio ndiyo kwao.

Kule Mestalla, Ayestarán alimaliza msimu na timu nafasi ya 12. Aprili 17 aliipeleka Camp Nou, palepale pa yale saba, akashinda 2-1; Messi ndiye aliyewafunga lile moja. Siku tatu baadaye wakaja Eibar, timu ileile aliyoanza nayo Neville kwenye ligi. Wachezaji walewale, lango lilelile. Valencia wakashinda 4-0, na nyavu zao hazikuguswa.